Somo la Tawi: Aliyeumizwa na Mhalifu Ana Neno Gani Mahakamani?



Somo hili ni la kusomwa kwa sauti tawini, kisha kuzungumzwa. Linawahusu zaidi walinzi wa usiku, madereva wa masafa marefu na matingo wao, wauza petroli, wahudumu wa mahoteli na wote wanaoshika pesa za watu wengine, maana hao ndio majambazi huwakuta wa kwanza. Lakini hata anayekaa ofisini asizibe masikio.

Tuchukue mfano. Mlinzi analinda ghala usiku. Wanakuja watu watano na mapanga, wanamkata mkono, wanavunja mlango, wanachukua mali. Baada ya wiki mbili polisi wanakamata wawili. Mlinzi analala hospitali siku 40, anatoka na mkono usiokunjika. Anaitwa mahakamani mara ya kwanza, kesi inaahirishwa. Mara ya pili anatoa ushahidi wake, anaulizwa maswali na wakili wa washitakiwa mpaka jasho linamtoka, anaambiwa nenda, tutakuita. Haitwi. Siku moja akiwa kijijini anasikia kwa watu kwamba wale wawili walifungwa miaka saba, na sasa ni mwezi wa pili. Hakuna aliyemwambia. Mwenye ghala alilipwa na bima. Yeye hakupata hata senti ya dawa.

Mfano huu tumeutengeneza wenyewe, lakini katibu wa tawi anayeusoma atasema: huyu namjua. Na angalieni, katika mfano huu polisi walifanya kazi, mwendesha mashtaka alifanya kazi, hakimu alihukumu. Hakuna aliyekula rushwa. Kila mtu alitimiza wajibu wake na bado mlinzi alirudi nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

MWENYE KESI NI NANI

Tazameni jalada la kesi ya jinai. Juu yake pameandikwa "Uganda", halafu jina la mshitakiwa. Jina la mlinzi halipo. Kwa sheria, mhalifu ameikosea dola, na dola ndiyo inayomshitaki kwa mkono wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mlinzi ni shahidi tu, pengine shahidi namba 1, pengine namba 4. Shahidi akishasema yake, kazi yake imekwisha.

Utaratibu huu haukuwekwa kwa ubaya. Kama ungekuwa mzigo wa kila mtu kumshitaki aliyemuumiza, maskini asingeshitaki kamwe, na tajiri angeshitaki kila siku. Tena watu wangelipizana kisasi wenyewe, kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba dola iiache kesi. Tunasema kwamba ilipoichukua kesi ilimsahau mwenye kidonda.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya watu waliotendewa uhalifu. Azimio linataka mtu huyo apewe heshima yake, aambiwe kesi inakwendaje, maoni yake yasikilizwe pale maslahi yake yanapoguswa, mhalifu amlipe, na mhalifu akiwa hana kitu serikali ijitahidi kumsaidia. Azimio halimfungi mtu kama sheria. Kila nchi iliachiwa iandike yake.

Kuhusu jina la mtu huyu kuna mkorogo kidogo. Wakenya huandika mwathiriwa, Watanzania mwathirika au mhanga, na polisi wetu husema mlalamikaji. Hili la mwisho hatulipendi, linamfanya mtu aonekane mwenye kulialia. Katika somo hili tutasema mtendewa, yaani aliyetendewa kosa.

NENO "AWEZA"

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 126, inaziagiza mahakama zifuate mambo kadhaa zinapoamua kesi. Moja ni kwamba haki isicheleweshwe. Jingine, katika aya ya (2)(c), ni kwamba waliotendewa makosa wapewe fidia ya kutosha. Wengi wetu hatujui kuwa maneno hayo yamo.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu nayo inasema hivi kwa maneno yetu: mshitakiwa akipatikana na hatia, na ikionekana katika ushahidi kwamba mtu fulani alipata hasara ya mali au aliumia mwilini kwa kosa hilo, fidia ambayo angeweza kuipata kwa kesi ya madai, basi hakimu aweza kumwamuru mwenye hatia amlipe mtu huyo kiasi kinachofaa, juu ya adhabu nyingine. Mahakama Kuu ina uwezo wa namna hiyo hiyo.

Tusimame katika neno "aweza", kwa sababu shida yote ya mlinzi wetu imejificha humo. Sheria haikusema "lazima". Hakimu ana majalada mengi mezani. Ameshatoa hukumu ya kifungo, na mwendesha mashtaka amefurahi kwa kuwa ameshinda, naye ameshafungua jalada linalofuata. Nani katika chumba hicho atasimama aseme, mheshimiwa, kuna mtu mkono wake haukunji? Mlinzi hayupo. Na hata angekuwepo, ameketi benchi la nyuma akidhani kwamba kusema bila kuulizwa ni kosa.

Kuna la pili. Sheria inasema "ikionekana katika ushahidi". Hakimu hawezi kukisia bei ya dawa. Kama mlinzi alieleza jinsi alivyokatwa, lakini hakuna aliyemwuliza alilipa kiasi gani hospitali na amekosa mshahara wa miezi mingapi, basi ushahidi wa hasara haumo katika jalada. Fidia inaweza kukosekana kwa ukosefu wa risiti. Ndiyo maana tunawaambia wanachama kila siku: risiti ya dawa, nauli ya kwenda hospitali, barua ya daktari, hati ya mshahara, vyote vitiwe katika bahasha moja, na mwendesha mashtaka aonyeshwe bahasha hiyo kabla ya siku ya ushahidi. Siku ya hukumu ni kuchelewa.

Mtu atauliza: je, hawezi kufungua kesi ya madai baadaye? Aweza. Lakini kesi ya madai ina ada, ina wakili, ina miaka. Faida ya kudai ndani ya kesi ya jinai ni kwamba ushahidi umeshatolewa na dola imeshalipia safari.

MAJIRANI WALIVYOFANYA

Wakenya waliandika katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 50, kwamba Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na hali njema ya waliotendewa makosa. Mwaka 2014 Bunge lao likatunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa. Madereva wetu wa njia ya Mombasa na Malaba waisikilize vizuri sehemu hii, maana sheria ile inamweleza mtendewa kuwa ni mtu yeyote aliyeumia au kupata hasara kwa ajili ya kosa. Haisemi awe Mkenya. Dereva wa Uganda akitekwa upande wa Kenya, naye ni mtendewa.

Chini ya sheria hiyo mtendewa ana haki ya kuwapo katika kesi, yeye mwenyewe au kwa mwakilishi aliyemchagua. Ana haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumika, na ya kupata mkalimani kama haelewi lugha ya mahakama. Mwendesha mashtaka na mshitakiwa wakitaka kupatana, mshitakiwa akiri kosa dogo ili kesi iishe, mtendewa anayo haki ya kutoa maoni yake kabla hawajamaliza. Aweza pia kutoa maelezo juu ya jinsi kosa lilivyomharibia maisha, ili hakimu ayazingatie anapopima adhabu. Na sheria inataja fidia, na mfuko wa kuwasaidia watendewa.

Juu ya dhamana tuseme zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoleta manung'uniko mengi katika matawi. Mtu amemkata mwenzetu Jumatatu, Ijumaa anaonekana sokoni akinunua nyama. Watu wanasema amenunua polisi. Huenda, lakini huenda pia amepewa dhamana kwa haki, maana Katiba yetu inamruhusu mshitakiwa kuomba dhamana, na dhamana si kuachiliwa. Kesi ingali hai. Kosa ni kwamba mtendewa hakuambiwa. Anakutana na adui yake njiani bila kujiandaa, anatishwa, na siku ya kesi haji. Sheria ya Kenya inataka usalama wa mtendewa na wa jamaa zake uangaliwe wakati wa kuweka masharti ya dhamana. Hakimu aweza kusema: usikanyage eneo lile, usimpigie simu mtu yule. Lakini masharti hayo hayatoki hewani. Lazima mtu ampelekee mwendesha mashtaka habari kwamba mtendewa anaishi mlango wa tatu kutoka kwa mshitakiwa.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi moja ya mauaji ambamo wakili wa jamaa za marehemu alitaka kushiriki katika kesi, na mshitakiwa akapinga kwamba hiyo ni kumwekea waendesha mashtaka wawili. Mahakama ilisema mtendewa aweza kushiriki kwa kumwomba jaji ruhusa, na jaji aangalie kila hatua kama maslahi yake yanaguswa. Lakini ilisema pia kwamba yeye hawi mwendesha mashtaka wa pili. Usukani unabaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na haki ya mshitakiwa ya kusikilizwa vyema isipungue.

Upande wa Kongo njia ni nyingine, waliirithi kwa Wabelgiji. Huko aliyeumizwa aweza kujiunga na kesi ya jinai kama mdai, na mahakama ile ile inayomhukumu mhalifu inaamua na fidia. Wana pia sheria ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kubaka, inayotaka upelelezi uishe ndani ya mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Lakini ndugu zetu wa kule watasema kweli wakisema kwamba hukumu ya fidia na pesa mkononi ni vitu viwili. Wengi wanayo karatasi yenye muhuri na hawajalipwa. Tusidanganyane kuwa sheria nzuri ikishaandikwa chakula kimeiva.

KWETU PIA IMEWAHI KUFANYIKA

Uganda hatuna sheria moja iliyokusanya haki za mtendewa kama ile ya Kenya. Yamo maneno hapa na pale, katika Katiba, katika sheria za mahakama, katika sheria ya 2009 ya kuzuia biashara ya watu. Hata hivyo mtu asiseme kwamba haiwezekani kwetu.

Kesi ya Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa kundi la LRA, ni ushahidi. Ilisikilizwa na kitengo cha Mahakama Kuu kinachoshughulikia makosa ya kimataifa, ambacho kanuni zake za mwaka 2016 zinawaruhusu watendewa kushiriki. Watu wa kaskazini walioumizwa walikuwa na mawakili wao ndani ya mahakama. Agosti 2024 Kwoyelo alipatikana na hatia katika mashitaka 44, Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka 40, na Desemba mwaka huo huo mahakama ikaamua juu ya fidia. Kwa kuwa yeye mwenyewe hana mali, iliamuru serikali ndiyo ilipe. Alikuwa amekamatwa mwaka 2009, kwa hiyo msisahau kwamba wale watu walingoja miaka 15 kusikia neno hilo.

Sasa tuulize. Kama mahakama ya Uganda yaweza kumsikiliza mtendewa katika kesi kubwa vile, yenye vijiji vizima, inashindwaje kumsikiliza mlinzi mmoja wa ghala? Wakubwa hujibu kwamba kesi ndogo ni nyingi na pesa ni kidogo. Jibu hilo lina ukweli wake kwa mambo ya fidia. Lakini kumwambia mtu tarehe ya hukumu yake kunagharimu simu moja.

MLINZI HUYO HUYO AKIWA MSHITAKIWA

Hapa wanachama husahau. Mali ikiibwa ghalani, mtu wa kwanza kulala rumande ni nani? Ni mlinzi. Dereva akitekwa na mzigo ukapotea, anayeshikwa kwanza ni dereva na utingo wake, huku damu haijakauka. Mtu mmoja aweza kuwa mtendewa asubuhi na mshitakiwa jioni.

Kwa hiyo chama hakiwezi kudai haki za mtendewa kwa kukanyaga haki za mshitakiwa. Yule anayesema majambazi wasipewe wakili, wasipewe dhamana, wapigwe mpaka wakiri, ajue kwamba anawachimbia shimo walinzi na madereva. Tunaposema mtendewa asikilizwe, hatusemi aaminiwe bila kuulizwa maswali. Tunapenda ile hukumu ya Kenya kwa sababu hiyo.

TAJIRI NAYE ANA DENI

Mhalifu akiwa hana kitu, kumdai ni kukamua jiwe. Lakini mlinzi aliumia kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia katika kazi yake, na haingoji jambazi akamatwe. Hayo ni madai tofauti, yanakwenda kwa ofisa wa kazi, na hayazuii kesi ya jinai. Kosa tunaloliona ni watu kungoja kesi ya polisi iishe ndipo waende kwa ofisa wa kazi. Nendeni mara moja. Tunashauri mwajiri apewe taarifa kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu siku ya kuumia, na nakala ibaki tawini.

Halafu kuna siku za mahakama. Shahidi anayekatwa mshahara kila anapoitwa hatakwenda mara ya tatu, na kesi itatupwa kwa kukosa mashahidi. Tumeona pia waajiri wanaomkata mwuza petroli pesa walizoiba majambazi, kana kwamba yeye ndiye aliyewaalika. Mambo haya mawili yaandikwe katika mkataba wa chama na mwajiri: mwanachama aliyeitwa mahakamani kwa kosa lililotendwa kazini alipwe siku hiyo kama siku ya kazi na apewe nauli, na hasara ya ujambazi isiwekwe juu ya mshahara wa aliyevamiwa.

Kwa akina mama na wote wanaosumbuliwa na wasimamizi wao, upo Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, juu ya ukatili na usumbufu kazini. Uganda iliuridhia mwaka 2023. Unataka mlalamikaji, mtendewa na shahidi walindwe wasilipiziwe kisasi. Msichana wa hoteli aliyekwenda polisi kumshitaki msimamizi wake, kisha akaachishwa kazi "kwa kupunguza watu", amelipiziwa kisasi, na tawi lisikubali sababu hiyo bila kuichambua.

KAZI YA TAWI

Mwanachama akiumizwa, tawi limtume mtu mmoja wa kufuatana naye, mtulivu, anayejua kusoma. Polisi wapewe taarifa siku ile ile, na namba mbili ziandikwe: ile ya kitabu cha kila siku, inayoanza na SD, na ile ya kesi, inayoanza na CRB. Bila namba utazungushwa meza kwa meza. Fomu ya polisi ya daktari, PF3, ijazwe kidonda kikiwa kibichi. Afisa wa polisi akidai pesa au akikaa na jalada, kuna kitengo cha nidhamu cha polisi cha kupeleka malalamiko.

Jalada likifika kwa mwendesha mashtaka, mtendewa amwandikie barua fupi. Haihitaji Kiingereza cha wakili. Aseme jina lake, namba ya kesi na simu yake. Aseme anaomba kuarifiwa tarehe za kesi, maombi ya dhamana, mapatano yoyote ya kukiri kosa, na siku ya hukumu. Aseme kama ametishwa, na nani, na lini. Aeleze hasara yake kwa hesabu, aambatishe nakala za risiti, na amalizie kwa kuomba kwamba mshitakiwa akipatikana na hatia, mahakama iombwe kuamuru fidia. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo inayomtoa mtu benchi la nyuma, maana baadaye hakuna atakayesema hakuomba.

Katika mikutano na wabunge wa wafanyakazi, matawi yaulize mambo matatu: mtendewa aarifiwe kwa lazima na si kwa hisani, hakimu awe na wajibu wa kuuliza habari za fidia kila anapotia mtu hatiani, hata kama mwishowe ataikataa kwa sababu, na uwepo mfuko kwa wale ambao wahalifu wao hawana kitu. La tatu litachukua muda na pesa. Mawili ya kwanza ni ya kubadili maneno machache katika sheria iliyopo.

Ya kuzungumza tawini: Je, katika miaka miwili iliyopita wanachama wetu wangapi waliumizwa na wahalifu kazini, na ni wangapi kati yao wanaojua kesi zao zimefika wapi? Nani anaweza kufuatana nao mahakamani bila kupoteza kazi yake? Mkataba wetu na mwajiri unasema nini juu ya siku za mahakama? Majibu yaandikwe katika daftari la tawi na nakala iletwe ofisini kabla ya mkutano wa wilaya, pamoja na namba za kesi zote ambazo hazijahukumiwa.